Mtunzi kijana wa muziki wa nota hapa Mwanza: ajijenge vipi miaka yake ya mwanzo? (Uzi maalumu)

MWANZISHA UZI

Habari za jioni wakuu.

Hapa Mwanza tuna vijana wengi wanaotunga muziki wa nota, na wengi wao hawana wa kuwaambia wafanye nini baada ya wimbo wa kwanza. Nikisema muziki wa nota nina maana ya muziki unaoandikwa sauti kwa sauti ili wengine wausome na kuuimba: nyimbo za kwaya, misa, zaburi, na kwa wachache wenye moyo, vipande vya ala. Mimi nafundisha kwaya ya parokia upande wa Ilemela. Nimeona vijana wakija na daftari la nyimbo wakiwa bado sekondari, na nimeona wenye kipaji kikubwa wakiacha kabisa. Walioacha walikosa vitu viwili: kwaya ya kuimba walichoandika, na mtu wa kuwaambia ukweli.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnaotaka kupinga mpinge. Miaka ya mwanzo ya mtunzi isiishie kwenye kutafuta albamu na video. Atafute kundi moja la waimbaji litakaloimba anachoandika, wiki hiyohiyo, na yeye awe amesimama humo ndani anaimba sauti yake.

Chukueni mfano wa Caroline Shaw wa Marekani. Mwaka 2013 alipewa Tuzo ya Pulitzer ya muziki akiwa na miaka 30, na kabla yake hakuna aliyekuwa ameipata akiwa na umri mdogo hivyo. Kazi iliyompa tuzo ni ya sauti nane tu, bila ala. Aliiandikia Roomful of Teeth, kundi lililoanzishwa mwaka 2009, ambalo yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wake. Ina sehemu nne, na hakuziandika kwa mkupuo. Alizitunga kidogo kidogo kati ya 2009 na 2011, kundi lilipokuwa likikutana majira ya joto kule North Adams, Massachusetts. Mtu anayeandika hivyo anajua nani ana pumzi ndefu, nani anashuka chini bila kukwaruza, nani akipewa nota ngumu anaing'ang'ania mpaka aipate. Ujuzi huo haupo kwenye kitabu chochote cha harmonia, yaani ufundi wa kupatanisha sauti.

Eric Whitacre, ambaye leo kwaya za nchi nyingi zinaimba kazi zake, aliingia kwaya ya chuo kikuu kule Las Vegas akiwa hajui kusoma nota. Kilichomgeuza ni kuimba Requiem (misa ya wafu) ya Mozart akiwa katikati ya waimbaji wenzake. Shule kubwa ya muziki ya Juilliard ilikuja baadaye.

Sasa hicho walichokuwa nacho hao, nani hapa Mwanza amekikosa? Kuanzia Nyakahoja mpaka Igoma, Pasiansi mpaka Buhongwa, unakuta parokia moja ina kwaya kadhaa, na hapo bado hujagusa AIC, KKKT, Anglikana na Wasabato. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hata kwaya ya Sengerema inaweza kuja mjini kwa ziara ya jioni na kurudi bila kusubiri kivuko. Kijana mwenye nota zilizoandikwa vizuri hapa hawezi kukosa waimbaji.

Nitaendelea kesho na suala la kompyuta, maana huko ndiko vijana wengi wanakopotelea.

MWANZISHA UZI

Naendelea.

MuseScore ni programu nzuri ya kuandikia nota na ni ya bure, kila kijana anayeanza awe nayo. Waliokuwa wanategemea programu nyingine, Finale, wanajua kilichotokea: Agosti 2024 wenye programu hiyo walitangaza kwamba wanaacha kuiendeleza. Kwa hiyo hamieni MuseScore bila wasiwasi, na kila kazi mnayoimaliza muihifadhi pia kwa PDF, ili siku programu ikifa nota zenu zisife nayo.

Tatizo ni pale kijana anapobonyeza kitufe, kompyuta ikamwimbia, akaamini kazi imekwisha. Kompyuta haina mapafu, haichoki, na haijali silabi.

Kijana mmoja wa hapa aliniletea wimbo wa Utukufu wa misa alioutunga. Ulikuwa na mawazo mazuri sana, hasa pale sauti ya tatu (tenor) inapoubeba wimbo peke yake huku wengine wameshikilia. Mwishoni kabisa kulikuwa na Amina ndefu. Wimbo uko Do = A, yaani do imewekwa kwenye nota A, na sauti ya kwanza (soprano) inapanda mpaka do ya juu kisha inakaa hapo mapigo manane, kwa silabi "mi". Kwenye kompyuta ilikuwa inang'aa. Jioni ya mazoezi wale kina mama waliotoka sokoni Kirumba tangu alfajiri walifika kwenye ile "mi" wakabanwa koo, nusu wakanyamaza, nusu wakapiga kelele.

Dawa ya haraka aliyoipendekeza ilikuwa kushusha wimbo mpaka Do = F. Sauti ya kwanza ikapona, lakini besi wakazama: do yao ya chini ikawa F ambayo kwetu ni wanaume wawili watatu tu wanaoifikia, na wenyewe kwa kunong'ona. Tukakaa naye baada ya mazoezi. Alichofanya mwishowe ni hiki: wimbo ukakaa Do = G, besi wakapandishwa oktavo kwenye vipimo vinne vya mwisho, na "mi" akaihamishia kwenye la, ili do ya juu iimbwe kwa "na", mdomo ukiwa wazi. Jumapili ile Amina ilijaza kanisa. Yule kijana alijifunza kwa jioni moja kitu ambacho angekitafuta kwenye video za mtandaoni mwaka mzima.

Jambo la pili ni mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na mtunzi asiyesikiliza hilo anawafanya waimbaji waongee kama wageni. Tazameni hapa kwa solfa, yaani nota za herufi (d, r, m, f ni do, re, mi, fa; – ni kuendeleza nota), wimbo wa mapigo matatu:

| d : r : m | f : – : – |
a – su – bu | hi

Pigo la kwanza la kipimo ndilo zito, na hapa limemwangukia "hi". Mwimbaji anajikuta anasema asubuHI. Sogeza tu:

: d : r | m : – : f |
a – su | bu – hi

Nota ni zilezile nne. Sasa uzito umekaa kwenye "bu", na kwaya itaimba kama inavyosema. Hilo ni rahisi kwa ubeti wa kwanza. Kazi inakuja ubeti wa pili, wa tatu, ambako mashairi yamebadilika na nota hazijabadilika. Ndiyo maana nawaambia vijana waandike beti zote kabla ya kumaliza sauti nne, wasiache beti za chini zijipange zenyewe.

MDAU, MUSOMA

Mkuu umegusa penyewe. Ila hujasema kuhusu solfa na nota za mistari mitano. Huku kwetu vijana wanaandika solfa tu, na ukiwaambia wajifunze mistari wanakuona unajidai mzungu. Mimi naona bila mistari mtunzi anabaki wa kijijini.

MWANZISHA UZI

Mkuu wa Musoma, nakubaliana nawe nusu.

Solfa siidharau hata kidogo. Sarah Glover na John Curwen waliitengeneza Uingereza karne ya 19 ili watu wa kawaida wasiosomea muziki waweze kuimba sauti nne kwa kusoma, na huku kwetu imefanya kazi hiyohiyo. Mwanakwaya wa Ukerewe anayekamata solfa anasoma wimbo mpya na kuumudu kwa mazoezi machache. Mtunzi atakayeiacha solfa atakuwa amewafungia mlango watu wake wa kwanza.

Lakini solfa inapwaya ukihama do mara nyingi, na mpiga fidla au tarumbeta huwezi kumpa. Tena mashindano ya watunzi ya nje, vyuo, hata kwaya za nje zinazotafuta nyimbo za Kiafrika, wote wanataka mistari mitano. Kwa hiyo jibu langu ni yote mawili kwenye karatasi moja: mistari juu, solfa chini yake. Inachosha kuandika, ninajua, lakini karatasi moja itaimbwa Bunda na itasomeka Berlin.

Na kwa mazoezi ya harmonia, msiwaze ada kwanza. Kwenye IMSLP, maktaba ya nota za bure iliyoanza mwaka 2006, kuna kolari (nyimbo za kanisa) za Bach za sauti nne, mamia. Nakili moja kwa mkono. Ifunike sauti ya pili na ya tatu, uzitunge mwenyewe, kisha fungua uone Bach alipita wapi. Anayetaka chuo, Makumira kule Arusha wanatoa shahada ya muziki, na chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo wapo miaka yote.

MWANAKWAYA SAUTI YA KWANZA, KIRUMBA

Mwalimu shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao kina mama wa "mi". Naomba niseme la moyoni. Vijana wanatunga vizuri, tunawapenda, ni watoto wetu. Lakini wakiletwa kwenye mazoezi wanakaa nyuma na simu, mwalimu ndiye anahangaika na wimbo wao. Tukisema hapa pagumu wananuna. Mtoto akitaka niimbe wimbo wake aje asimame nami, aniulize mama hapa vipi. Nitauimba mpaka sauti ikauke.

MWANZISHA UZI

Marahaba dada yangu, na asante sana. Hayo uliyoandika ndiyo yaliyokuwa yanapungua kwenye uzi huu. Vijana mmesoma: simu mfukoni, penseli mkononi. Mama akikwambia hapa pagumu, weka alama hapohapo kwenye nakala yako, usibishane. Ukifika nyumbani ndipo uamue kama ugumu huo una sababu ya muziki au ni uzembe wa kalamu. Ugumu wenye sababu uutetee, ufundishe polepole. Mwingine ufute.

KIJANA, MALIMBE

Shikamoo mwalimu. Mimi niko chuo huku Malimbe, naimba sauti ya tatu na nimetunga nyimbo kadhaa. Nina maswali mawili. La kwanza, nataka kutunga muziki wa ala, si kwaya tu, na Mwanza hatuna okestra. Nitampelekea nani? La pili, wimbo wangu mmoja kwaya fulani wameurekodi na kuuweka mtandaoni, hawakuandika jina langu, na nilipouliza niliambiwa nyimbo za kanisa ni za Mungu. Nifanyeje?

MWANZISHA UZI

Marahaba mwanangu. Nianze na la pili kwa sababu limeniuma.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu kazi inapotungwa. Haki hiyo haingoji usajili wala haingoji kupata fedha. Kutajwa jina ni haki yako, na kumwimbia Mungu hakuiondoi. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia kuthibitisha, kwa hiyo fanya. Ila kabla ya kufika huko, anza na kalamu yako: kila ukurasa wa nota zako uwe na jina lako kamili, mwaka, na mahali ulipotunga. Nota nyingi za vijana zinasambaa kwenye WhatsApp zikiwa hazina jina hata la wimbo wenyewe, kisha mtu wa tatu anaandika "mtunzi hajulikani". Kama wimbo ni wa liturjia, upeleke pia kwenye kamati ya muziki upate ithibati. Hapo jina lako litakuwa limeandikwa mahali rasmi.

Kwa hiyo kwaya, usiende kwa hasira. Mwandikie mwenyekiti barua fupi yenye nakala ya nota zenye tarehe, omba jina liongezwe kwenye maelezo ya video. Kuongeza jina pale hakugharimu kitu. Wakikataa, ndipo uende ofisi ya hakimiliki.

Sasa la ala, na hapa nina mengi.

Hatuna okestra, ni kweli. Lakini mtunzi anaandikia watu waliopo. Kuna sharika za KKKT zenye vikundi vya matarumbeta. Nenda wakifanya mazoezi, sikiliza, kisha uliza kitu kimoja kabla hujaandika nota hata moja: wanasoma vipi? Katika mapokeo ya Kijerumani ya matarumbeta ya kanisa, wapigaji husoma nota kama inavyosikika. Katika bendi nyingi nyingine tarumbeta ya Bb huandikiwa toni moja juu. Usipouliza, kikundi kizima kitapiga toni moja pembeni ya kwaya na lawama itakuwa yako.

Halafu toka mjini. Nenda Bujora, pale Kisesa njia ya Musoma, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Nenda hasa kipindi cha sikukuu ya ngoma ya Bulabo, mwezi wa sita, makundi ya Wagika na Wagalu yanaposhindana. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja na ngoma zake, na watazamaji wanahama kutoka huku kwenda kule, penye watu wengi ndipo ushindi. Simama katikati, pale ambapo ngoma zote mbili zinakufikia. Utasikia mapigo mawili yanayogongana na kuachana, na hakuna anayepoteza njia. Ulaya watunzi wa karne ya 20 walihangaika sana kuandika mkusanyiko wa aina hiyo kwenye karatasi, nawe unaufikia kwa daladala. Mdau wetu wa Musoma anaweza kukukutanisha na mpiga litungu, kinanda cha nyuzi, wa Kikuria. Andikia litungu moja, sauti ya tatu moja, na ngoma. Watu watatu, dakika nne. Kazi ya namna hiyo utaisikia mwaka huu, wakati simfonia itakaa kwenye kompyuta mpaka uzeeke nayo.

Wala hutakuwa wa kwanza ukanda huu wa ziwa. Joseph Kyagambiddwa, Mganda, alitunga oratorio (kazi ndefu ya kwaya yenye hadithi takatifu) ya Mashahidi wa Uganda kwa miondoko ya kwao, nayo iliimbwa Roma mwaka 1964, mwaka ambao Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu. Hapa Tanzania Padri Stephen Mbunga alitoa mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, mwaka uleule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturjia iliyoagiza muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake. Walijenga msingi wakiwa na vifaa vichache kuliko ulivyo navyo kwenye simu yako.

MDAU, MUSOMA

Litungu nitamtafutia, aje tu. Ila mkuu, mbona wageni wanachukua Kiswahili chetu wanapata tuzo na sisi tunabaki hapa? Ule wimbo wa Baba Yetu wa mchezo wa kompyuta si ni Mmarekani?

MWANZISHA UZI

Ni kweli, ni wa Christopher Tin. Lakini tazama alivyofika pale, kwa sababu ni somo la miaka ya mwanzo kabisa. Aliyemwita kutunga muziki wa mchezo huo, Civilization IV, uliotoka mwaka 2005, alikuwa Soren Johnson, waliyekaa naye chumba kimoja chuoni Stanford. Waimbaji wa kwanza walikuwa Talisman, kundi la wanafunzi wa chuo hichohicho. Hakuanzia kwa watu wakubwa. Alianzia kwa aliolala nao chumba kimoja na walioimba jirani. Tuzo ya Grammy ilikuja Februari 2011, baada ya kuupanga wimbo upya na kuurekodi na Soweto Gospel Choir, na ukawa wimbo wa kwanza kutoka mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo.

Mimi simwonei wivu. Ninachotaka ni kijana wetu wa Malimbe ajue kwamba mwenzake anayesoma filamu au kompyuta hapo chuoni, wanayekula naye ugali na sangara jioni, ndiye anaweza kumletea kazi yake ya kwanza yenye malipo. Awe ana nota tayari siku hiyo.

MWANAKWAYA SAUTI YA KWANZA, KIRUMBA

Mwalimu, na hayo malipo mtatoa wapi? Kwaya zetu sare tu tunachangishana.

MWANZISHA UZI

Dada yangu, swali zuri, na najua hali. Lakini tuangalie pamoja tunapochangishana. Tukirekodi, studio tunalipa. Mpiga kinanda tunampa chake. Mpiga picha za video hashuki kwenye gari bila malipo ya awali. Sare mpya, usafiri, chakula, vyote vina mstari wake kwenye daftari la mhasibu. Mtunzi peke yake hana mstari, na bila yeye hao wengine wote hawana cha kufanya siku hiyo.

Siombi fedha nyingi. Naomba kwaya yetu na zenu, mkikaa kupanga bajeti ya kurekodi, muandike neno "mtunzi" na kiasi mbele yake, hata kiwe cha nauli na bando la mwezi. Mkishindwa kabisa fedha, mpeni vitu viwili: jina lake kwenye kila video na nota, na rekodi safi ya wimbo wake aitumie anapoomba chuo au mashindano. Na akitunga kwa kuagizwa, kwa jubilei ya padri au harusi, makubaliano yaandikwe kabla hajaanza: wimbo wa dakika ngapi, sauti ngapi, unahitajika lini, na analipwa nini.

Kwetu nitalipeleka kwenye kikao cha mwezi huu. Kijana wa Malimbe, leta nota zako Alhamisi saa kumi na moja na nusu, nakala za kutosha kila sauti, solfa na mistari. Utasimama na sauti ya tatu.